Moloch horridus, mjusi miiba wa Australia: maswali mnayouliza sana kuhusu umbo lake na ukoo wake

Picha yake inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, mjusi mfupi mnene amejaa miiba toka puani mpaka mkiani, na kila ikipita huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe maswali ni yaleyale: ni kinyonga huyu? ni mtoto wa mamba? ana sumu? Tanzania yupo? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Swali la ukoo nimelijibu kwa kirefu kuliko mengine, kwasababu ndo watu wengi wanapopotea, na kwangu mimi ndo penye utamu wa habari yote hii.

Kwanza kabisa, huyu ni mnyama gani?

Ni mjusi, basi. Sio mamba, sio kinyonga, na sio picha ya kutengenezwa na kompyuta kama wengine wanavyodhani. Jina lake la kisayansi ni Moloch horridus, alilopewa mwaka 1841 na John Edward Gray, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza. Wazungu wanamwita shetani wa miiba, jina ambalo mimi silipendi maana mnyama mwenyewe ni mpole mno. Kiswahili hatuna jina lake lililozoeleka kwahiyo humu ndani nitamwita mjusi miiba.

Tanzania yupo? Nasikia kuna mtu kamuona Usangu.

Hapana, hayupo. Mjusi miiba anaishi Australia tu, tena sehemu kame za katikati na magharibi, kule kwenye majangwa kama Great Sandy, Gibson na Great Victoria, kwenye mchanga na yale majani makavu makali yanayoitwa spinifeksi. Usangu na bonde la Ruaha kuna joto na ukame lakini sio jangwa, na hata lingekuwa jangwa asingefika, kuna bahari nzima ya Hindi hapo katikati. Aliyeonekana Usangu ni mjusi mwingine, na mwishoni nimeeleza namna ya kuwatofautisha wale wa kwetu.

Ana ukubwa gani? Kwenye picha anaonekana mkubwa sana.

Picha zinapigwa kwa karibu ndo maana. Ukweli ni kwamba anakaa vizuri tu kwenye kiganja cha mtu mzima, urefu wake na mkia ukihesabu unafika kama sentimita 20 hivi, na uzito haufiki gramu 100. Jike ni kubwa kuliko dume, jambo ambalo linawashangaza wengi waliozoea kuona kwenye mijusi ya mawe huku kwetu dume ndo kubwa tena ndo lenye rangi za kutamba. Mwili wake ni bapa na mpana, miguu mifupi, kichwa kidogo, na mkia anaubeba juu umejikunja kidogo.

Anaishi miaka mingi pia, inatajwa 15 mpaka 20.

Ile miiba ni mifupa? Ukimshika inachoma?

Sio mifupa. Ni magamba. Mjusi yeyote ana magamba, sasa kwa huyu magamba mengi yamenyanyuka yakawa koni zenye ncha, kubwa kwa ndogo, na katikati ya hizo kubwa kuna vigamba vidogo vidogo vingi. Sehemu kubwa ya miiba hiyo haina chokaa ndani yake, yaani haijakomaa kuwa mfupa. Juu ya kila jicho kuna mwiba mkubwa unaofanana na pembe, ndo maana watu wanamchanganya na mijusi wenye pembe.

Kazi yake ni kumfanya asimezeke. Nyoka au kenge au ndege akimtia mdomoni anakutana na ncha kila upande. Lakini wapo wanaommudu, kenge wakubwa wa kule Australia na ndege wa aina ya tandawala na mwewe wanamla, kwahiyo miiba inapunguza hatari tu, haiiondoi. Akiona hatari anajijaza hewa pia ili awe mnene zaidi.

Na kile kinundu shingoni ni ugonjwa?

Hapana, kila mmoja anacho. Ni uvimbe wa nyama laini nyuma ya kichwa wenye miiba miwili mikubwa. Akitishwa anainamisha kichwa chake cha kweli katikati ya miguu ya mbele, halafu kile kinundu ndo kinabaki mbele pale kichwa kilipokuwa, adui akija kung'ata anang'ata kichwa cha uongo. Ndo maelezo ambayo wataalamu wengi wanayatoa na mtu yeyote aliyewahi kuona video yake akijikunja ataelewa haraka.

Anabadilisha rangi. Sasa si ndo kinyonga huyo?

Kubadilisha rangi hakumfanyi mnyama kuwa kinyonga. Mijusi wengi wanabadilika kidogo, hata wale wa kwenye mawe ya Gangilonga pale Iringa, ukienda asubuhi kabla jua halijakolea utawakuta wamefifia wamekuwa kahawia tu, ukirudi saa sita mchana dume lina kichwa cha kung'aa na linapiga pushapu juu ya jiwe. Mjusi miiba naye anafuata joto: kukiwa na baridi anakuwa mweusi mweusi au kijani cha matope, kukipamba moto anakuwa wa njano, kahawia na wekundu wa mchanga wa pale anapoishi. Rangi nyeusi inanyonya joto la jua vizuri zaidi, na mnyama huyu hana joto lake la ndani la kutegemea kama sisi. Ile mistari na mabaka inamfanya apotee kabisa kwenye mchanga.

Ni kweli anakunywa maji kwa miguu na mgongo?

Hili ndo swali zuri kuliko yote ya umbile, na jibu lake lilichukua muda mrefu kupatikana. Zamani wataalamu waliamini kwamba ngozi yake inayafyonza maji moja kwa moja kuingia mwilini. Mwaka 1962 watafiti Bentley na Blumer wakaonyesha kwamba sivyo, maji hayapenyi ngozi, yanatembea juu yake. Katikati ya magamba kuna vifereji vyembamba mno vilivyounganishwa mwili mzima, miguu, tumbo, mgongo, na vyote vinaishia kwenye kona za mdomo. Mguu ukigusa maji yanapanda yenyewe kwenye vifereji, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa chemli, halafu mjusi anafungua na kufunga mdomo anayameza yakifika.

Sasa jangwani dimbwi la maji utalikuta wapi? Mwaka 2016 Philipp Comanns na wenzake walichapisha utafiti wakipima hilo, wakakuta vifereji vikijaa vinabeba maji kama asilimia 3 ya uzito wa mjusi, yaani mjusi wa gramu 40 anabeba gramu moja na kidogo. Akisimama kwenye dimbwi anakunywa bila shida. Lakini akisimama kwenye mchanga wenye unyevu tu, maji yanayopanda hayatoshi kumfanya aanze kumeza. Kumbe ndo maana anaonekana akijimwagia mchanga mbichi mgongoni! Mchanga ukikaa juu ya mgongo unyevu wake unashuka kwenye vifereji na kusaidiwa na uzito wake wenyewe. Mimi nikisoma mambo kama haya natamani kila mwanafunzi wa bailojia ayajue, maana kapilari tunafundishwa kwenye mmea tu, kumbe kuna mnyama anaishi kwayo.

Anakula nini?

Sisimizi. Sio mchwa, sio kumbikumbi, sio panzi, ni sisimizi tu, hasa wale wadogo weusi wa jenasi Iridomyrmex. Anakaa pembeni ya njia yao, anatoa ulimi mfupi wenye ute na kumchukua mmoja mmoja, kwa siku anaweza kula mamia mpaka elfu kadhaa. Sisimizi ana lishe kidogo na ganda gumu, ndo maana lazima ale wengi hivyo, na tumbo lake ni kubwa ukilinganisha na mwili.

Mbona kwenye video anatembea kwa kusitasita, mbele nyuma, mbele nyuma?

Ndo mwendo wake. Anayumba, anaganda, anasogea tena. Hana haraka kwasababu chakula chake hakikimbii, na mnyama anayeyumba kama jani kavu anaonekana kwa shida.

Haya, tuje kwenye ukoo. Mjusi miiba ni ndugu wa nani?

Hapa naomba mnisome taratibu.

Mijusi na nyoka wote wako oda moja, Squamata. Ndani ya mijusi kuna kundi kubwa linaitwa Iguania, na kundi hilo limegawanyika pande mbili, na kitu kimojawapo kinachozitenganisha ni meno. Upande mmoja meno yamebandikwa upande wa ndani wa taya, yakichakaa yanang'oka mengine yanaota. Upande wa pili meno yameungana na ukingo wa juu wa mfupa wa taya kabisa, na kwa kawaida hayabadilishwi, jino likiisha limeisha. Huu upande wa pili unaitwa Acrodonta, na ndani yake kuna familia mbili tu: Agamidae na Chamaeleonidae, yaani vinyonga.

Mjusi miiba ni Agamidae. Na nani mwingine ni Agamidae? Yule mjusi wa juu ya jiwe unayemuona kila siku, dume lenye kichwa cha rangi ya moto anayetikisa kichwa na kupiga pushapu, yule wa Isimila, wa Gangilonga, wa kwenye kuta za nyumba za Mafinga, huyo ni wa jenasi Agama ambayo ndo imeipa familia nzima jina. Kwahiyo mtoto wa Iringa anayeangalia picha ya mjusi miiba na kusema sijawahi kuona kitu kama hiki, ndugu yake amekaa hapo nje anaota jua.

Familia hii ina spishi zaidi ya 500 zilizosambaa Afrika, Asia na Australia. Mjusi miiba yuko kwenye tawi la Australia na majirani zake linaloitwa Amphibolurinae, humo ndo yumo pia yule mjusi wa kufunua mwavuli shingoni, Chlamydosaurus kingii, na yule wa ndevu ambao watu wengi duniani wanamfuga, jenasi Pogona. Lakini kwenye jenasi yake mwenyewe, Moloch, yuko peke yake. Spishi moja tu, hakuna mwingine.

Kwahiyo kumbe na kinyonga ni ndugu yake?

Ndiyo, ila wa mbali kidogo: familia tofauti, upande mmoja wa meno. Na sisi watu wa nyanda za juu kusini tumejaliwa vinyonga kuliko sehemu nyingi. Milima ya Poroto na Rungwe ina Trioceros fuelleborni, dume lina pembe tatu usoni, ambaye mtaalamu Tornier alimwandika kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1900, na haishi nje ya nyanda hizi za kwetu. Poroto hiyohiyo ina Kinyongia vanheygeni aliyetangazwa mwaka 2009 tu, juzi juzi hapo. Inaniuma nikiona watu wanampiga mawe kinyonga njiani eti ni mkosi, mnyama ambaye ukimuua hapa Isongole huwezi kumkuta Ulaya wala Australia.

Tofauti zake na mjusi miiba zinaonekana haraka. Kinyonga ana vidole vilivyofungwa makundi mawili kama koleo, viwili huku vitatu kule, macho yanazunguka kila moja kivyake, ulimi mrefu wa kurusha. Mjusi miiba ana vidole vitano vya kawaida vyenye kucha, macho ya kawaida, ulimi mfupi.

Na yule wa Marekani mwenye pembe anayerusha damu kutoka machoni mwake? Si ndo huyuhuyu?

Sio huyu, na hapa ndo watu wengi wanaanguka. Yule ni Phrynosoma, anaishi Amerika ya Kaskazini. Ukiwaweka pamoja unaweza kuapa ni ndugu wa tumbo moja: wote bapa, wote wana miiba na pembe, wote wanakaa ukame, wote wanapenda sisimizi. Lakini fungua mdomo uangalie taya: meno ya Phrynosoma yako upande wa ndani, kwahiyo ni wa ule upande mwingine wa Iguania, mbali kabisa. Maisha yanayofanana yamewapa umbo linalofanana, kila mmoja kwake na kwa wakati wake. Wa Australia hana mchezo wa kurusha damu.

Ukikumbuka jambo moja tu kutoka kwenye ukurasa huu iwe hili la kutotumia miiba kumtafutia mnyama ukoo. Miiba inakuja popote inapohitajika. Mifupa, meno na siku hizi vinasaba ndo vinasema ukweli.

Mimi natoka Makete, kwetu kuna mjusi wa kwenye magogo mwenye mkia wa miiba. Huyo je?

Asante sana kwa swali hili dada, maana linatuletea mfano wa nyumbani. Huyo inawezekana kabisa ni Cordylus ukingensis, mjusi aliyepewa jina kutokana na milima ya Ukinga, Arthur Loveridge alimwandika mwaka 1932. Ni wa familia Cordylidae ambayo ni ya Afrika tu. Magamba yake yamepangika kwa pete kuzunguka mwili, na mkiani kila pete ina ncha. Ana miiba ndiyo, lakini yuko karibu zaidi na wale mijusi wanaoteleza wenye magamba ya kung'aa kuliko alivyo karibu na mjusi miiba. Yaani agama asiye na miiba mikubwa ni ndugu wa mjusi miiba, na huyu wa Makete mwenye miiba sio ndugu yake wa karibu.

Naomba uainishaji kwa kifupi, nina mtihani.

Himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Reptilia, oda Squamata, familia Agamidae, jenasi Moloch, spishi Moloch horridus. Kumbuka jenasi inaanza na herufi kubwa, neno la pili herufi ndogo, na ukiandika kwa mkono unapigia mstari chini. Wadogo zangu maksi nyingi zinapotea hapo tu.

Anataga au anazaa?

Anataga, mayai 3 mpaka 10. Jike linachimba shimo kwenye mchanga, kama sentimita 30 kwenda chini, linataga na kufukia, halafu linaondoka. Yanaanguliwa baada ya miezi mitatu minne. Vinyonga baadhi wa milima ya baridi wao wanazaa watoto wazima, maana udongo wa baridi haufai kwa mayai.

Na kwa vile Australia iko kusini ya ikweta na sisi pia, miezi yao ya baridi ni ileile ya kwetu. Juni na Julai, wakati Mbeya watu wanatembea na makoti, mjusi miiba naye anapunguza shughuli anajificha. Januari na Februari joto la jangwa likizidi anajificha tena.

Ana sumu? Aking'ata je?

Hana sumu hata tone. Na kung'ata mtu sio tabia yake, meno yake ni ya kusagia sisimizi.

Akishikwa mkia unakatika kama wa mjusi wa ukutani?

Hapana. Wa ukutani, yule mwenye vidole vya kunata, ana sehemu maalum za kukatikia. Agamidae kwa ujumla hawana.

Yuko hatarini kutoweka? Naweza kuagiza nimfuge?

Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hayupo kwenye kundi la hatari, eneo lake ni kubwa na watu ni wachache. Kumfuga sahau. Australia hairuhusu biashara ya kusafirisha nje mijusi wake wa asili wakiwa hai, na hata ungempata ungemlisha nini, sisimizi elfu moja kila siku utawatoa wapi. Na sisi huku, Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na vinyonga wengi wa kwetu biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Akikufuata mtu kijijini anatafuta vinyonga wa kununua, toa taarifa.

Nikikuta mjusi nisiyemjua huku kwetu nianze kuangalia nini?

Usimshike wala usimuue, piga picha. Piga ya kichwa kwa ubavu, ya vidole, na ya mkia mzima, hizo tatu zinatosha mara nyingi. Jicho likiwa halina kope za kufumba na vidole vina vibao vya kunatia, ni wale wa ukutani. Vidole vikiwa makundi mawili, kinyonga. Magamba laini ya kung'aa na mwili wa kuteleza, shingo haionekani sana, ni familia ya Scincidae. Mkia wa pete zenye ncha, Cordylidae. Mkubwa, shingo ndefu na ulimi umegawanyika kama wa nyoka, kenge. Kichwa cha pembetatu kilichojitenga na shingo, kope zinafumba, magamba makavu ya kukwaruza, amekaa juu ya jiwe au ukuta mchana kweupe anakutikisia kichwa, huyo ni Agama. Andika na mahali ulipomuona na mwinuko wa hapo kutoka usawa wa bahari kama unaujua, maana mjusi wa Kitulo juu kwenye baridi na mjusi wa Pawaga chini kwenye joto hawakai pamoja hata siku moja, na mara nyingi mwinuko peke yake unaondoa nusu ya majina kwenye orodha.